Jino la Mavyaa Lililoanguka Kwenye Chetezo

Pascalia anasema nilimng'oa mavyaa wangu jino kwa makoleo ya makaa.

Anasema aliniona kwa macho yake mawili, juu ya ukuta, akiwa amepanda ile ndoo ya rangi anayowakalisha wateja wake wa kusukwa nywele. Anasema nilikuwa nimemkalia mama wa watu kifuani, goti huku, goti huku, nikavuta. Likatoka pwa! Damu ikaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Halafu, anasema Pascalia, nikacheka.

"Alicheka?" wakamwuliza wateja wake.

"Kicheko ya shetani. Mimi nimeokoka, najua kicheko ya mtu na ile ingine."

Alasiri ilipoingia, goti langu lilikuwa limepanda kutoka kifuani hadi shingoni. Magharibi nilikuwa tayari nina jini, tena si wa hapa Junda, wa kutoka Pemba. Mwuza viazi wa pale kona alikataa kupokea hela mkononi mwangu. Akanionyesha kwa kidevu niziweke juu ya gunia.

Sasa nisikilizeni na mimi, kwa sababu makoleo yalikuwa mkononi mwangu. Hayakuwa mkononi mwa Pascalia.

Mlionifuata tangu mwanzo mwanijua. Mimi ni Mwanatatu wa Likoni, niliyeishia darasa la nane, niliyeachwa na mume wa kwanza kwa kosa la mchuzi kuzidi chumvi, kisha nikaolewa na Mahfudh, mfanyakazi wa makontena kule Miritini, nikaletwa Junda kuishi chini ya dari moja na mama yake, Bi Mwanaima. Wiki iliyopita niliwasimulia harusi ambako Bi Mwanaima alipiga kigelegele, jino lake la bandia la mbele, lile la kuvaa na kuvua, likaruka likatua kwenye sinia ya pilau.

Sinia yenyewe ilikuwa mbele ya Mama Hashim. Na Mama Hashim si mtu baki: ndiye mama wa kijana anayemwoa wifi yangu Hanan. Alilichokoa kwa kijiko, akalitazama, akauliza kwa sauti ya kusikika na wapishi:

"Hii ni nyama ya sehemu gani?"

Siku hiyo Bi Mwanaima aliapa. Kwenye harusi ya bintiye atapiga vigelegele mpaka kuta zitikisike, na jino halitatoka, kwa kuwa jino lijalo litatiwa skrubu.

Basi tukenda Changamwe, kwenye kliniki ya meno iliyo juu ya duka la magodoro. Daktari aliitwa Velma, mwanamke wa bara, mpole, mwenye kusema taratibu kama anayemtia mtoto usingizi.

"Mama, hili si la kuvaa na kuvua. Natia chuma kidogo ndani ya taya, na juu yake nakuwekea jino la muda ili usione haya. Halafu tunangoja. Mfupa unakua pole pole ukikizunguka kile chuma, unakikumbatia. Ukishakikumbatia ndipo nakutilia jino lenyewe. Lakini mfupa ukikataa, kazi yote imekuwa bure. Kwa hivyo nitakuuliza maswali, na tafadhali usinifiche."

Wallahi, Bi Mwanaima alitaka kusema kweli. Nilikuwa nimekaa pembeni na mkoba wake mapajani, nikamwona akivuta pumzi ya kuanza.

Mlango ukafunguka. Akaingia msaidizi wa daktari, msichana amebeba trei.

"Shikamoo, Bi Mwanaima!"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wafanya kazi hapa?"

"Tangu juzijuzi tu."

Alikuwa Intisar. Mtoto wa kaka yake Mama Hashim.

Ile pumzi ya Bi Mwanaima ikarudi ilikotoka.

Ili mwelewe, lazima mjue alichowahi kusema Mama Hashim mbele ya watu kwenye posa ya watu wengine: "Sisi hatuoi nyumba yenye sukari. Bibi harusi huingia na begi, ugonjwa huingia nyuma yake." Dada yake mwenyewe alikatwa mguu kwa sukari, na tangu hapo anauona ugonjwa ule kama deni la ukoo. Mwanawe mkubwa alishachumbia Kisauni, posa ikavunjwa kwa kuwa nyanyake msichana alionekana akijidunga sindano.

"Mama, una ugonjwa wa sukari?" daktari akauliza.

"Sukari?" Bi Mwanaima akacheka, mkono mdomoni. "Mimi hata chai hunywa kavu. Tamu hainipendezi."

"Presha?"

"Presha itoke wapi, nna watoto wema."

"Unatumia tumbaku? Tambuu?"

"Tambuu ni mambo ya wazee."

Daktari akamwinua kidevu, akamulika taa. Meno yaliyobaki yalikuwa mekundu kama matofali ya Rabai.

"Na hii rangi?"

"Ndivyo tulivyo ukoo wetu."

"Basi nikutoboe kidole nipime sukari, dakika moja tu."

"Nshapimwa hospitali, i sawasawa. Kila siku kutobolewa, mimi ni kitambaa cha kofia?"

Daktari akamtazama. Akanitazama na mimi. Nikauangalia mkoba.

Nilijua. Mtu akiwa ndiye anayesugua choo cha nyumba, hana siri asiyoijua. Kila alipotoka humo Bi Mwanaima, sisimizi walipanga safu kama wanakwenda maulidini. Alikunywa maji jagi zima na bado midomo imemkauka. Na siku moja nikipika mchuzi nilitia kijiko kwenye mkebe wa bizari, kikagonga kitu. Vidonge, vimefungwa kwenye mfuko, vimezikwa chini ya bizari.

Nilimwuliza. Akanijibu, "Mwanatatu, kinywa ni jumba la maneno. Lako lifunge, na ufunguo unipe mimi."

Nikafunga. Na baada ya posa ya Hanan kukubaliwa, vidonge vikatoka kwenye bizari vikaenda jaani. Nyumba yenye bibi harusi huingia watu wengi, na watu hufunua mikebe.

Chuma kikatiwa. Tulirudi nyumbani Bi Mwanaima akitabasamu kwa kila mtu, hata kwa paka.

*

Shida ilikuja imebebwa kwenye bakuli.

Mama Hashim alifika Ijumaa, amejitia udi mpaka mbu walikimbia, na bakuli la halua mbele yake. Halua yenyewe nyeusi, inatoa mafuta, inatetemeka.

"Bi Mwanaima," akasema akikaa, "nimesikia siku hizi tamu haipiti kwako."

"Nani aliyesema?"

"Hapana mtu. Nimesikia tu chai wanywa kavu. Nikajiambia, mtu huiacha sukari kwa mambo mawili: ama ubahili, ama sababu."

Hata Hanan, aliyekuwa chumbani amefichwa kwa ajili ya harusi, aliacha kuimba.

Bi Mwanaima akajiweka sawa kitini.

"Mwanatatu!"

"Abee, mama."

"Lete kisu."

Akala kipande. Mama Hashim akamtazama kooni jinsi kinavyoshuka. Akala cha pili. Cha tatu akakifuata na kicheko, kana kwamba halua imemfanyia mzaha.

"Ongeza, shoga," akasema Mama Hashim.

"Naongeza. Kwani nani kaniona nikisita?"

Nikajaribu. "Mama, daktari alisema lile jino..."

"Mwanatatu, hebu katizame chungu jikoni."

"Jikoni hakuna chungu, mama."

"Basi katizame pale ambapo hakuna."

Nikenda nikasimama jikoni, nikatizama pale ambapo hakuna. Niliporudi bakuli lilikuwa linaonyesha chini.

Mgeni alipotoka, Bi Mwanaima aliegemea ukuta, jasho linamtoka puani. Akaomba tambuu ya kukata utamu. Jani, chokaa, popoo, katu na kibonge cha tumbaku, akakipachika upande uleule wa chuma.

"Mama, daktari alikataza."

"Daktari ni mtu wa bara. Hajui dawa ya halua."

Lau ingekuwa Ijumaa hiyo moja, huenda ule mfupa ungesamehe. Lakini Mama Hashim alikuwa mwanamke wa kurudia hesabu. Kila Ijumaa bakuli likaja. Kila Ijumaa likaliwa lote, kisha tambuu. Wawili hao wakawa wanasifiwa mtaani kwa mapenzi. "Tizama wakwe wanavyopendana," walisema watu, "hawaachani hata Ijumaa moja."

Fizi ikaanza kuvimba. Ikawa nyekundu, kisha ya zambarau. Ukizungumza naye karibu, unapata harufu ya kitu kilichosahauliwa kwenye mfuko. Akawa anatafuna karafuu.

"Mama, turudi kwa daktari."

"Kufanya nini? Jino limepandwa. Kitu kikipandwa huota, na kikiota huvuruga udongo. Wewe kwenu Likoni hamlimi?"

Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mambo mengi maishani, na mengi yalikuja, hata yale ambayo sikuyaita.

*

Siku yenyewe nilikuwa uani nafukiza nguo za Hanan. Chetezo kiko chini, makaa yamewaka, makoleo mkononi, moshi wa udi unapanda kwenye gauni la kesha la harusi lililoning'inizwa juu. Mikono yangu ilikuwa na hina mpya ya harusi. Bi Mwanaima alitaka wanawake wote wa nyumba wapakwe ua lilelile na fundi mmoja, yeye na mimi na mashangazi, tuonekane kitu kimoja.

Alikuja akainama juu ya chetezo kujifukiza shela lake. Akasita.

"Mwanatatu."

"Abee."

"Kuna kitu chacheza."

"Wapi, mama?"

Hakujibu. Alikisukuma kwa ulimi. Niliuona ulimi ukisukuma shavu, mara moja, mara mbili, kama panya ndani ya gunia. Kisha akafungua kinywa kuniambia jambo, na badala ya neno likatoka jino.

Likaanguka katikati ya chetezo, skrubu juu, jino chini, likaanza kutoa moshi.

Nikalidaka kwa makoleo. Mngefanya nini nyinyi? Lile jino la muda lilikuwa limeshaanza kuyeyuka, udi wa Dubai umegeuka harufu ya ndara iliyoungua. Bi Mwanaima akaanguka chali kwa mshtuko, damu na usaha vikamtiririka kidevuni. Nikamwinamia, makoleo juu, jino linafuka.

Na ndipo nikaona juu ya ukuta rasta mpya na macho mawili chini yake.

"Yesu wangu!" akasema Pascalia, na ndoo ikapinduka.

Kucheka nilicheka, hilo sikatai. Nilicheka ndoo ilipompindukia Pascalia. Kicheko kilikuwa cha kwake.

*

Mama Hashim alifika kabla ya damu kukauka. Sijui habari ilimfikiaje kule kwake, ila najua hakuvua hata viatu.

"Nimesikia jino limetoka!" akasema. "Lenyewe?"

Nilimsikia alivyolitamka hilo neno. Alilitamka kama mtu anayefungua mlango wa choo akijua kuna mtu ndani.

"Kitu hakitoki chenyewe bila sababu, Bi Mwanaima. Dada yangu kidole cha mguu kilianza hivihivi. Chenyewe."

Bi Mwanaima alikuwa amelala mkekani, kitambaa mdomoni. Akamtazama Mama Hashim. Akanitazama mimi. Kisha, pole pole, akautazama ukuta wa Pascalia.

Niliona lile wazo likiingia kichwani mwake. Liliingia kama mgeni aliyekaribishwa.

"Mimi sitaki kumsema mtu," akasema kwa kitambaa. "Ni mke wa mwanangu. Muulizeni jirani aliyeona."

Hakusema uwongo hata mmoja, mwaona? Aliuazima kwa Pascalia.

Mahfudh alirudi kutoka Miritini na ovaroli yake ya kazi, habari imeshamngoja stendi. Hakunisalimia.

"Mwanatatu, umempiga mama yangu?"

"Muulize mama."

"Nimemwuliza. Analia."

"Basi mwulize analilia nini."

"Usinichezee! Jirani amekuona na makoleo."

"Na chetezo hakukiona? Na gauni la dada yako hakuliona? Ana macho ya kuchagua, yule."

Akakaa kitandani, mikono kichwani. Mahfudh si mtu mbaya. Ni mtu wa mama yake tu, kama vile mtu anavyokuwa wa Junda au wa Likoni.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," akasema. "Daktari ndiye atakayesema kama jino limepigwa au limeanguka. Likiwa limepigwa, Mwanatatu, feri haijafungwa. Utavuka kwenu na nguo zako."

Talaka ya pili. Ya kwanza mtu huonewa huruma: masikini, hakubahatika. Ya pili hakuna anayeuliza sababu. Watu husema tu, "Huyo ndiye mwenyewe." Na hii ingekuwa na makoleo ndani yake. Nani atamwoa mwanamke wa makoleo?

Lakini, niwaambie, nilifurahi. Nilijiambia chuma hakina mavyaa wa kumwogopa. Chuma kitasema.

Kabla hatujaondoka, Hanan alinivuta chumbani. Alikuwa amepakwa singo usoni, manjano tupu, macho tu yanaonekana. Katika nyumba ile ndiye pekee aliyewahi kuninawisha mikono nilipoumwa.

"Wifi, niambie kweli. Harusi yangu ina nini?"

"Haina kitu."

"Mama hali. Wewe hulali. Mama Hashim hatoki. Na wasema haina kitu?"

"Oa kwanza, utaelewa," nikamtania.

"Mimi naolewa, wifi, sioi."

"Basi olewa upesi."

Akacheka, singo ikapasuka shavuni.

*

Kliniki tulikwenda wanne. Bi Mwanaima, Mahfudh, mimi, na Mama Hashim, ambaye hakualikwa bali alisema mgonjwa haachwi peke yake. Intisar alitufungulia mlango. Akamkumbatia shangazi yake kwa muda kidogo kupita ule wa salamu.

Daktari Velma alilipangusa lile jino masizi, akaligeuza chini ya taa. Akatuita tuone.

"Mnaona hiki chuma? Kisafi. Mfupa ungekuwa umekikumbatia, kingetoka na vipande. Tena kisingetoka kwa makoleo ya makaa, labda kwa makoleo ya fundi wa meli."

"Kwa hivyo mke wangu hakuling'oa," akasema Mahfudh haraka. Nilipenda ile haraka yake.

"Kung'oa, hapana."

Pumzi zikanitoka. Mapema mno.

"Lakini," akasema daktari, na hilo 'lakini' silisahau, "mfupa haukushika. Swali ni kwa nini. Kwa wengi unashika vizuri tu. Ukikataa, kuna sababu. Sukari isiyotulizwa huchelewesha kidonda, vidudu vikapata nafasi. Tumbaku huinyima fizi damu. Kutafunia mapema hukitikisa chuma. Na ndiyo, mtu akipigwa mdomoni kabla mfupa haujashika, chuma kinaweza kulegea."

"Mama hana sukari," akasema Mahfudh. "Wala tumbaku hatumii."

Alikuwa akiamini. Mwanamume anaweza kuishi nyumba moja na temeo la tambuu na asilione.

"Ndivyo alivyoniambia na mimi," akasema daktari. "Kama ni kweli, basi itabidi niamini kipigo."

Mama Hashim akakohoa. "Si apimwe tu, daktari? Kidole hakina porojo."

"Lazima apimwe. Ana usaha ndani ya taya. Kama ana sukari na mimi nimtibu kama mtu asiye nayo, huu usaha unaweza kumpeleka pabaya. Na mama, nikuambie kitu: hata ungekuwa nayo si mwisho wa dunia. Ungeituliza kwa dawa, ningekutilia chuma, na kingeshika. Sukari iliyofichwa ndiyo inayoniharibia kazi."

Bi Mwanaima aliifunika mikono yake kwa shela.

Daktari akaitwa chumba cha pili, mtoto wa watu analia na ganzi. Akasema, "Intisar, mpime mama, nikirudi nikute majibu."

"Mimi sipimwi mbele za watu!" Bi Mwanaima akaruka. "Na huyu mtoto ni mkwe wangu, aniangalie na pengo hili? Kinywa kimenivimba kama andazi. Vuta pazia. Akae nje ya pazia, nitamtolea mkono. Mwanatatu abaki anishike, naogopa damu."

Intisar akamtazama shangazi yake. Mama Hashim akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Mkono ni mkono, aliona.

Pazia likavutwa. La buluu, limepauka, na upenyo katikati.

Tukabaki wawili. Nje nikiwasikia: Mahfudh akitembea huku na huku, Mama Hashim akihesabu tasbihi, Intisar akichana karatasi ya sindano.

Bi Mwanaima akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akautoa wangu ndani ya buibui, akauweka mapajani karibu na wake. Ua lilelile, rangi ileile ya piko, kucha zilezile nyeusi. Wangu umekomaa kwa jivu na sabuni ya nyumba yake, wake umelainika kwa kupumzishwa na wangu, na katikati ya safari hizo mbili mikono yetu ilikuwa imekutana. Ungeitoa kwenye upenyo wa pazia, hata mama yangu asingechagua.

"Toa chako," akaninong'oneza.

"Changu nini, mama?"

"Kidole."

Nilimwelewa mara ya kwanza. Nilimwuliza tu nimsikie akilisema tena, maana mtu akiomba jambo kama lile ni haki yake kulitamka mara mbili.

"Kidole chako. Wewe damu yako haina kitu. Apimwe mke wa Mahfudh, tupate majibu ya Mwanaima."

"Na jino, mama? Wakiona sukari hakuna, jino litakuwa limepigwa."

Akalivuta shela lake begani.

"Na aliyelipiga nani, mama?"

Akatazama sakafu. Meno yake mekundu yaliyobaki yakauma mdomo wa chini, pale kwenye pengo ukapenya.

"Na huo usaha? Daktari amesema atakutibu kwa damu itakayopimwa. Itakuwa yangu."

"Mimi nshaishi," akasema. "Hanan hajaanza."

Hapo alinipata. Hilo nitalikiri. Kama angenitisha, ningetoka na mkoba wake nikaumwaga mapajani mwa Mama Hashim, tambuu na tumbaku na vyote. Lakini alisema Hanan, na nikaona yale macho mawili katikati ya singo.

Nikikitoa changu, damu yangu mwenyewe itanishuhudia uwongo, na mwanamume aliye nje ya pazia atanivusha feri, nami kinywani sitakuwa na neno. Nikikirudisha, mwanamke aliye nje ya pazia atainuka na kufunga mkoba wake, na gauni la kesha litabaki kwenye kamba na harufu yake ya plastiki.

"Bi Mwanaima," akaita Intisar, "nipe mkono."

Upenyo wa pazia ukafunguka. Vidole vyake vikaingia, vimeshika pamba yenye spiriti, vikangoja.

Mavyaa akanisogelea mpaka nikaisikia karafuu, na chini ya karafuu ule uozo. Tangu niolewe ameniita Mwanatatu, ameniita mke wa Mahfudh, siku za hasira ameniita wa Likoni.

"Nisitiri," akasema. "Nisitiri, mwanangu."

Mikono minne yenye hina moja ilikuwa mapajani mwetu, na ile pamba ilikuwa inakauka.